Homa kwa Mgonjwa wa Saratani: Namna ya Kupima Damu na Kuyasoma Majibu Yake

Mtu mwenye kinga kamili akiingiwa na bakteria, mwili wake hupiga kelele. Mapafu yakishambuliwa atakohoa makohozi mazito, kidonda kikiingia wadudu kitavimba na kutunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazokimbilia bakteria, zikiwa zimekufa kazini. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye kemo, yaani dawa kali za saratani, imezifagia nyutrofili zake. Hana wa kutunga usaha. Mapafu yanaweza kuwa yameingiliwa na picha ya kifua ikatoka safi. Sehemu ya haja kubwa inaweza kuwa imeoza ukaona wekundu hafifu tu. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee, na ndiyo maana kwa mgonjwa huyu tunaitazama damu kwa makini kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wauguzi, maafisa tabibu na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa. Mgonjwa hupewa kemo Dar es Salaam, Mwanza, Moshi au Nairobi, kisha hurudi kwao, na homa humkuta huko huko. Ndugu wanaomuuguza nao wana sehemu yao karibu na mwisho.

Kanuni inayotangulia vipimo vyote

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu nimeliona likiua. Miaka ya nyuma, kwenye zamu ya usiku katika hospitali moja niliyofanya kazi, aliletwa kijana mwenye limfoma, saratani ya tezi za limfu, siku ya tisa baada ya kemo, anatetemeka. CRP yake, protini ya damu ambayo ini huitengeneza mwili ukichokozwa, ilirudi ikiwa 11. Kwenye faili ikaandikwa: namba ndogo, rudia asubuhi. Kulipokucha shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka na hakurudi tena. Damu ile ilikuwa imechukuliwa saa tatu tu tangu baridi ya kwanza impate. Ini lake lilikuwa bado halijapata muda wa kuitengeneza CRP yenyewe.

Basi lishike hili: hakuna kipimo cha damu kinachoruhusiwa kuchelewesha antibayotiki kwa mgonjwa wa kemo mwenye homa. Dawa iingie mshipani ndani ya dakika 60 tangu afike, majibu yawe yametoka au hayajatoka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 wa sepsisi, yaani maambukizi yanayoangusha viungo vya mwili, nao unashauri kwamba prokalsitonini, kiashiria kingine cha bakteria kinachopimwa kwenye damu, isitumiwe kuamua kama dawa ianze. Uamuzi huo ni wa macho na mikono ya mtabibu. Kazi ya viashiria vya damu huanza baada ya hapo. Vinakuonyesha ugonjwa una uzito gani, dawa inafanya kazi au haifanyi, na lini unaweza kufikiria kuisimamisha.

Hatua ya 1: Pima kabla hajaugua

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ningeipigania kuliko zote. Siku mgonjwa anapokuja kupata kemo, akiwa hana homa, mpime picha kamili ya damu, ile tunayoiita FBP, pamoja na CRP. Kama prokalsitonini inapatikana, ipime mara moja mwanzoni mwa matibabu. Andika majibu ukurasa wa mbele wa faili, na kwenye kadi anayokwenda nayo nyumbani.

Sababu ni kwamba saratani yenyewe huchokoza viashiria hivi. CRP hutengenezwa na ini likiamriwa na ujumbe wa kemikali uitwao intalukini-6, na uvimbe mwingi wa saratani hutoa ujumbe huo bila bakteria hata mmoja kuwepo. Limfoma, saratani ya figo, saratani iliyosambaa kwenye ini, zote zinaweza kumweka mtu kwenye CRP ya 40 au 60 kila siku akiwa anakula na kutembea. Usipoijua namba yake ya kawaida, siku ya homa utaona 60 ukashtuka bure, au utaona 60 kwa mtu ambaye kawaida yake ni 4 ukadhani ni saratani tu.

Nyutrofili nazo zina jambo lake kwetu. Watu wengi wa Afrika Mashariki, kwenye chembe zao nyekundu, hawana alama ya kundi la damu liitwalo Duffy. Hali hiyo huwakinga dhidi ya malaria aina ya vivaksi, na huambatana na nyutrofili chache kwenye damu bila ugonjwa wowote. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote na nyutrofili kati ya 1,000 na 1,500 kwa mikrolita, uboho wake ukiwa mzima. Vipimo vya rejea vilivyobandikwa kwenye mashine mara nyingi vimetokana na watu wa Ulaya. Bila namba ya mwanzo, mgonjwa wa namna hii ataahirishiwa kemo bila sababu.

Nitakwenda na mgonjwa wa mfano ili namba zisielee hewani. Namba zake nimezipanga mimi kwa ajili ya kufundishia. Ni mama wa miaka 46 mwenye saratani ya titi, mzunguko wa pili wa dawa za kemo ziitwazo doksorubisini na saiklofosfamaidi. Kabla ya kemo: nyutrofili 1,600, CRP miligramu 14 kwa lita, prokalsitonini chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita.

Hatua ya 2: Saa ya kwanza ya homa

Homa kwa mgonjwa huyu ina maana maalumu. Tafsiri inayotumika sana, ya chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani ya mwaka 2010, ni joto la mdomoni la 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu saa nzima. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kwa karibu nusu digrii, kwa hiyo 37.8 ya kwapani usiidharau. Usipime joto kwenye njia ya haja kubwa wala usimpe enema, maana ngozi laini ya pale ikikwaruzika unawafungulia bakteria mlango. Muulize pia kama amemeza paracetamol au anatumia deksamethasoni, kwa kuwa zote mbili huificha homa. Mgonjwa aliyelegea, aliyechanganyikiwa au mwenye shinikizo la chini anatibiwa kama mwenye homa hata joto likiwa 36.

Mama wetu amekuja siku ya kumi baada ya kemo, joto 38.4, ametetemeka tangu saa nane usiku. Siku ya kumi ndiyo yenyewe: kwa dawa nyingi nyutrofili hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14.

Damu ichukuliwe kwa mpangilio, mkono mmoja usiharibu kazi ya mwingine. Chupa za kuotesha vimelea hutangulia daima. Futa vifuniko vyake vya mpira kwa spiriti, safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, kisha iache ikauke yenyewe kwa nusu dakika bila kuipuliza. Uvivu wa hapa ndio unaozaa majibu ya "bakteria wa ngozi" yasiyomsaidia mtu. Kwa mtu mzima tia mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka sehemu mbili tofauti za mwili. Ukitia mililita 3 umepoteza chupa, kwa kuwa bakteria waliomo kwenye damu mara nyingi ni wachache mno. Kama mgonjwa ana katheta ya mshipa mkuu, yaani mpira uliopitishwa ndani ya mshipa mkubwa, seti moja itoke kwenye katheta na nyingine kwenye mshipa wa mkono. Ya katheta ikiota mapema kwa saa mbili au zaidi kuliko ya mkono, ishuku katheta. Chupa hizi haziwekwi kwenye friji.

Baada ya hizo chukua tyubu ya kifuniko chekundu au cha njano kwa CRP, prokalsitonini, figo na ini. Ya zambarau ni kwa FBP na slaidi ya malaria. Ya kijivu, ya lakteti, huja mwisho, na nitaieleza mbele.

Sindano ya damu ikishatoka, antibayotiki inaingia. Ipi? Fuata mwongozo wa hospitali yako na tabia za bakteria wa wodi yako, ila kumbuka kwamba seftriaksoni, dawa tunayoikimbilia kwa kila kitu, haimwezi bakteria aitwaye sudomonasi, na huyo ni adui mkubwa wa wagonjwa hawa. Mshipa ukigoma kutoa damu, usihangaike nao nusu saa nzima huku dawa ikisubiri mezani. Mpe dawa.

Hatua ya 3: Hesabu nyutrofili mwenyewe

Mashine itakupa jumla ya chembe nyeupe na asilimia ya nyutrofili. Zidisha. Mama wetu ana chembe nyeupe 0.9, yaani 900 kwa mikrolita, na nyutrofili asilimia 22. Mia tisa mara 22 gawanya kwa 100 ni 198. Chini ya 500 ni hatari, chini ya 100 ni hatari kubwa zaidi, na anayetarajiwa kushuka chini ya 500 ndani ya saa 48 anahesabiwa kuwa tayari amefika.

Kuna mitego miwili. Mashine ndogo zilizoenea kwenye hospitali zetu hugawa chembe nyeupe katika makundi matatu tu, na kile zinachokiita granulosaiti si nyutrofili peke yake. Pia, jumla ikishuka chini ya 1,000 mgawanyo wa mashine hauaminiki. Mwombe mtu wa maabara apake slaidi na kuhesabu kwa jicho. Ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyeizoea, na wataalamu wetu wa maabara wanaijua vizuri. Tatizo ni kwamba hawaombwi.

Deksamethasoni ya kuzuia kutapika husukuma nyutrofili zilizokuwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa ziingie kwenye mkondo wa damu, kwa hiyo siku moja mbili baada ya kemo unaweza kuona namba nzuri isiyo na maana. Filgrastimu, sindano ya kuuchochea uboho utengeneze nyutrofili, nayo hupandisha namba haraka. Waliopewa dawa hizi uandike wazi kwenye fomu ya maabara.

Hatua ya 4: CRP

CRP iligunduliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis, huko New York, kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Ni kipimo cha bei nafuu, na hospitali nyingi za mikoa zinacho. Kukisoma vizuri kunahitaji kuijua saa yake. Baada ya uchokozi kuanza, CRP huanza kupanda kati ya saa 6 na 12, hufika kileleni kati ya siku moja na nusu na siku mbili, na uchokozi ukiisha hupungua nusu kwa kila saa 19 hivi.

Saa hiyo ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni lile lililomkuta kijana wa limfoma: CRP ya saa za mwanzo inaweza kuwa ndogo kwa mtu anayekufa. La pili ni kinyume chake, nalo huwatia watu hofu bure: CRP ya siku ya pili karibu daima itakuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza, hata dawa ikiwa inafanya kazi barabara. Mama wetu alipofika CRP ilikuwa 38. Kesho yake ikawa 186, na mwanafunzi wa zamu akataka dawa ibadilishwe. La hasha. Ile 186 ni habari ya jana.

CRP haichagui. Hupanda kwa bakteria, kwa kifua kikuu, kwa fangasi, kwa malaria, kwa upasuaji, kwa bonge la damu kwenye mguu, na kwa saratani yenyewe. Virusi kwa kawaida huipandisha kidogo, lakini si sheria. Namba iliyo juu ya 100 kwa mtu ambaye kawaida yake ni ndogo inashawishi sana kuwa bakteria wapo, ila kwa mgonjwa wa saratani naipa uzito tofauti kati ya leo na kawaida yake kuliko namba yenyewe. Ini lililochoka, iwe kwa saratani au kwa homa ya ini, hutengeneza CRP kidogo. Mwenye ini hilo anaweza kuwa na sepsisi kubwa na CRP ya 30.

Tazama pia kizio kilichoandikwa. Maabara nyingine hutoa miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na tofauti ni mara kumi. Mgonjwa akihamishwa hospitali, CRP ya 18.6 na ya 186 zinaweza kuwa kitu kimoja.

Hatua ya 5: Prokalsitonini

Kwa kawaida prokalsitonini hutengenezwa na tezi ya shingo, ikageuzwa homoni, na katika damu hubaki kidogo mno, chini ya nanogramu 0.05 kwa mililita. Sumu za bakteria zikiingia mwilini, viungo vingi, ini likiwamo, huanza kuimwaga kwenye damu. Wafaransa ndio walioliripoti hili mwaka 1993. Kwa wagonjwa wetu ina faida kubwa: haitegemei nyutrofili, kwa hiyo mtu mwenye nyutrofili sifuri bado anaweza kuitoa. Tena ni ya haraka. Hupanda kuanzia saa 3 hadi 6, hufika kileleni ndani ya siku moja, na hupungua nusu kwa takriban siku moja uchokozi ukiisha.

Namna ninavyoisoma kwa mwenye homa na nyutrofili chache: iliyo juu ya 0.5 nachukua kwamba bakteria wapo mpaka ithibitike vingine. Juu ya 2 nahofia wamo kwenye damu, hasa jamii ya gramu hasi kama E. coli na klebsiela, na mgonjwa huyo simwachi bila kumtazama kila saa. Iliyo chini ya 0.25 inanituliza kidogo tu. Maambukizi yaliyojificha mahali pamoja, kama jipu dogo au katheta yenye stafilokokasi wa ngozi, yanaweza kuiacha chini. Fangasi pia huipandisha kidogo au hawaipandishi kabisa.

Kuna wagonjwa ambao namba hii hudanganya moja kwa moja. Saratani ya tezi ya shingo aina ya medula huitoa yenyewe kwa wingi. Saratani ya mapafu ya chembe ndogo inaweza kufanya hivyo. Figo zilizokufa huiacha juu. Upasuaji mkubwa huipandisha siku moja mbili za mwanzo, na dawa za kushusha kinga zinazotokana na kingamwili dhidi ya chembe T huipandisha sana bila bakteria. Kwa hawa, kama huna namba ya mwanzo, afadhali usiipime kabisa. Fedha hiyo inunue chupa ya pili ya kuotesha damu.

Hilo la fedha si dogo. Prokalsitonini ni ghali kuliko CRP, na mara nyingi ndugu ndio wanaolipa. Ukiwa na uwezo wa kuipima mara mbili tu, ipime siku ya kwanza na siku ya tatu. Mama wetu: 1.9 alipofika, 6.4 kesho yake.

Hatua ya 6: Lakteti

Lakteti haikuambii kama kuna bakteria. Inakuambia kama viungo vinapata damu ya kutosha. Zaidi ya milimoli 2 kwa lita ni onyo; 4 na kuendelea ni dharura hata shinikizo likionekana zuri. Ikiwa juu ya 2, rudia baada ya saa 2 hadi 4 za maji na dawa uone kama inashuka.

Kipimo hiki huharibiwa kirahisi na mchukuaji. Usimwambie mgonjwa akunje ngumi, usiache mpira umebana mkono dakika nyingi, tumia tyubu ya kijivu, iweke kwenye barafu, ipelekwe maabara mara moja. Damu iliyokaa kwenye trei saa nzima huendelea kutengeneza lakteti yenyewe.

Na saratani inaingilia hapa pia. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, Mjerumani, alionyesha kwamba chembe za saratani hula sukari kwa njia inayotoa lakteti hata oksijeni ikiwepo. Kwa uvimbe mwingi haionekani kwenye damu, lakini uvimbe unaokua kwa kasi unaweza kuipandisha kweli kweli. Mfano tulionao nyumbani ni limfoma ya Burkitt, ile Denis Burkitt aliyoieleza akiwa Uganda mwaka 1958. Mtoto mwenye Burkitt, lakteti 6, mikono ya moto, mkojo unatoka vizuri: huenda ni uvimbe. Mtibu kama sepsisi, lakini usimzamishe kwa maji ukifukuza namba isiyoshuka.

Mama wetu alikuwa na 2.6, na baada ya lita moja na nusu ya maji ya dripu ikawa 1.5.

Hatua ya 7: Malaria na kifua kikuu

Miongozo ya Ulaya na Marekani haina ukurasa huu, nasi hatuwezi kuukwepa. Malaria ya falsiparamu hupandisha CRP na prokalsitonini zote mbili, wakati mwingine juu sana. Kwa hiyo kila mwenye homa apimwe malaria, na slaidi ni bora kuliko kipimo cha haraka peke yake, kwa sababu mRDT nyingi hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Malaria ikionekana, itibu, wala usiondoe antibayotiki kwa mtu mwenye nyutrofili 198. Vyote viwili vinaweza kuwepo, na ukikosea upande mmoja hakuna siku ya pili ya kurekebisha.

Kifua kikuu kina sura tofauti. CRP imekaa 70 au 80 kwa wiki, haipandi wala haishuki, prokalsitonini iko chini, mgonjwa anakonda na kutoka jasho usiku. Mfanyie kipimo cha makohozi cha GeneXpert, na kama anaishi na VVU ongeza kipimo cha mkojo cha LAM. Shirika la Afya Duniani limeikubali CRP ya zaidi ya 5 kama njia ya kuwachuja wenye VVU wanaohitaji kuchunguzwa zaidi kifua kikuu. Ni namba ndogo sana, na kwa mgonjwa wa saratani karibu kila mtu ataivuka. Mwenye saratani ya Kaposi na homa isiyoeleweka anahitaji jicho la ziada, kwa kuwa virusi vya Kaposi vyenyewe vinaweza kuwasha homa na CRP kubwa bila bakteria.

Hatua ya 8: Siku ya pili, ya tatu na ya nne

Chora jedwali dogo kwenye karatasi ya mbele: tarehe, joto la juu la siku, nyutrofili, CRP, prokalsitonini. Zamu inayoingia iione kabla ya kusoma chochote kingine. La mama wetu lilisomeka hivi: CRP 38, 186, 150, 82. Prokalsitonini 1.9, 6.4, 3.1, 1.4. Joto lilishuka siku ya tatu. Chupa zote mbili ziliota E. coli, na dawa aliyoanzishiwa ilikuwa inaiweza.

Chupa zikirudi tupu usishangae. Kati ya wenye homa na nyutrofili chache, ni asilimia 10 hadi 25 tu ambao bakteria huonekana kwenye damu yao. Kwa wengine wote jedwali lile ndilo utakalolitegemea.

Prokalsitonini ikigoma kushuka siku ya tatu, au ikapanda upya, mpekue mgonjwa kwa mikono yako kabla ya kubadili dawa: mdomo, makwapa, chini ya matiti, kanula zote, tumbo la chini upande wa kulia, na njia ya haja kubwa kwa kutazama tu. Homa ikivuka siku ya nne hadi ya saba ukiwa kwenye antibayotiki nzuri na nyutrofili bado ziko chini, anza kufikiria fangasi, hasa kwa wenye saratani ya damu. Kipo kipimo cha galaktomanani kwa ajili ya fangasi aitwaye aspajilasi, pale maabara inapokiweza.

Kusimamisha dawa ni suala gumu zaidi. Majaribio makubwa ya Ufaransa na Uholanzi yalisimamisha antibayotiki kwa wagonjwa mahututi prokalsitonini iliposhuka kwa asilimia 80 kutoka kileleni au kufika chini ya 0.5, na hawakudhurika. Lakini wenye nyutrofili chache sana waliachwa nje ya majaribio hayo. Miongozo ya Ulaya ya saratani za damu inaruhusu kusimamisha baada ya angalau saa 72 za dawa ya mshipani kwa mtu aliyetulia, asiye na homa kwa saa 48, ambaye chanzo hakikupatikana, kwa sharti kwamba anabaki chini ya macho. Kwa wodi zetu mimi husubiri nyutrofili zionyeshe kupanda siku mbili mfululizo, na prokalsitonini inayoshuka hunipa moyo wa kutoongeza siku zisizohitajika. Mama wetu alikuwa na E. coli kwenye damu, kwa hiyo dozi yake ilikamilishwa.

Pasipo na mashine

Hospitali isiyo na prokalsitonini wala lakteti haijafungwa mikono. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde kumi, achia, hesabu. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa wa sepsisi lilionyesha kwamba kuongozwa na kidole hakukuwa kubaya kuliko kuongozwa na lakteti. Alama za MASCC nazo, zinazotumika duniani kote kuamua nani ana hatari ndogo, hazidai hata tone la damu. Zinauliza mgonjwa ana hali gani, shinikizo, maji mwilini, umri, ugonjwa wa mapafu, aina ya saratani, na kama homa ilimkuta nyumbani. Jumla ni 26, na 21 kwenda juu ni hatari ndogo.

Kwa ndugu wanaomuuguza

Nunueni kipimajoto. Pimeni kabla ya kumpa paracetamol, si baada. Ikifika 38, au 37.8 kwa kipimajoto cha kwapani, hata kama ni usiku wa manane na anasema anajisikia nafuu, safari ianze. Mkifika mapokezi msiseme "ana homa" peke yake, kwa sababu mtaambiwa mkae foleni na wenye mafua. Semeni: "Yuko kwenye kemo, ana homa, kemo ya mwisho ilikuwa tarehe fulani," na mtoe kadi yenye namba zake. Akichukuliwa damu mkaambiwa msubiri majibu ndipo aanze dawa, ulizeni kwa heshima lakini msiondoke: "Daktari, dawa haiwezi kuanza sasa?"

Kabla ya mzunguko unaofuata

Mama wetu alirudi wiki tatu na nusu baadaye. Nyutrofili 1,700, CRP 12. Namba hizo mbili ziliandikwa ukurasa wa mbele, chini ya zile za kwanza, pamoja na jina la bakteria aliyeota, dawa iliyomweza, na kilele cha prokalsitonini. Daktari wa saratani alipoiona karatasi ile akamwandikia filgrastimu kwa mzunguko wa tatu.